Chupa Mbili Kabla ya Kuhesabu

Mji wa jirani ukikosa maji, kwa nini wewe unacheka?

Watu wa miji hii miwili walikuwa na jibu tayari: kwa sababu na wao walicheka umeme wetu ulipokatika. Kilomita ishirini na nane za lami ziliitenganisha. Zamani yote miwili ilikuwa vituo vya malori tu, mahali dereva anaposimama kunywa chai na kukojoa. Kisha ikaanza kunenepa, na kila mmoja ukinenepa unamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Huu ukijenga stendi, ule unajenga stendi ya ghorofa. Huu ukiweka taa barabarani, ule unaweka taa na mnara wa saa, hata kama saa yenyewe inasema saa tisa mchana na usiku. Hakuna aliyeutaja mji wa pili kwa jina. Uliitwa Kule. "Nyanya za Kule maji matupu." "Ameoa Kule? Pole yake, kijana wa watu." Na huko Kule nako, ukiwauliza, Kule ni huku.

Katika mji mmojawapo aliishi mtu waliyemwita Baridi. Alikuwa mtunza benki ya damu wa hospitali, mwaka wa ishirini na tatu kazini, na jina alilipata kwa sababu ya chumba chake: dirisha moja lenye wavu, meza yenye mguu mmoja uliofungwa bandeji, na friji mbili ndefu, moja kimya, moja ikinguruma kama paka aliyeshiba. Kila baada ya saa mbili alisoma kipimajoto na kuandika. Umeme ukikatika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye jenereta, hata kama alikuwa nyumbani na tonge liko njiani kwenda mdomoni. Damu ile hupakiwa kwenye mifuko ya plastiki, lakini watu huita chupa, maana hapo zamani zilikuwa chupa kweli, na Baridi naye aliita chupa. Alizipanga kwa makundi na kwa tarehe, sura zote zikitazama mlangoni, kama askari wa gwaride.

Tatizo lilikuwa moja: watu hawakupenda kuchangia. Wakiona sindano wanakumbuka shughuli nyingine. Ndipo ofisa mmoja mwenye akili akasema, watu hawa wa miji miwili hawapatani, basi tuutumie moto huohuo kupikia. Likaanzishwa shindano. Kila mwaka, wiki moja. Mji utakaokuwa umechangia zaidi kufikia Jumamosi saa sita mchana ndio utakaobeba kombe. Na meya wa mji ulioshindwa atakwenda kufagia stendi ya washindi kwa saa nzima, kwa ufagio wa kuinamia, watu wakimtazama.

Damu ikamiminika! Wanaume waliowahi kuzimia kwa kuchomwa na mwiba walipanga foleni tangu alfajiri. Wauza mitumba walifunga vibanda. Wanafunzi wa chuo walikuja wakiimba. Mpaka hapo hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya uliingia kwa kanuni moja. Mwaka wa kwanza zilihesabiwa kadi za wachangiaji, na kila upande ukaulaumu mwingine kwamba umeandikisha mpaka marehemu. Kwa hiyo wakubwa wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana: zihesabiwe chupa zilizomo ndani ya friji, kwa macho, mbele ya waamuzi. Iliyokwisha kutoka kwenda kwa mgonjwa haihesabiwi. Watu wazima, wenye vyeti ukutani, walikaa kwenye viti vya kuzunguka wakaandika kanuni inayomgeuza mgonjwa kuwa hasara. Wakatia sahihi, wakanywa chai, wakarudi nyumbani kwa watoto wao.

Baridi aliionja kanuni hiyo mwaka uliofuata. Ijumaa, siku moja kabla ya kuhesabu, lori la mbao lilipinduka nje ya mji. Daktari alimpigia kelele kutoka mlangoni, naye akatoa chupa nne bila kuuliza swali. Majeruhi wawili wakapona. Kesho yake mji wake ukashindwa kwa chupa tatu.

Meya akafagia stendi ya Kule akiwa amevaa suti. Picha yake, kiuno kimeinama na tai imelala mgongoni, ilizunguka kwenye simu za watu kwa miezi. Na ilipojulikana kwamba mmoja wa wale waliopona ni mtu wa Kule, ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Baridi akapata jina la pili: Mgawa Kombe. Akiingia kwa kinyozi, mtu anasema, "Usimwachie wembe huyo, ataugawa." Mkewe akienda sokoni anaulizwa, "Mama, umekuja kununua, au mwenzio ameshagawa mpaka kikapu?" Binti yao wa darasa la sita alirudi siku moja na kamasi na machozi, akasema hataki tena kuitwa kwa jina la baba yake. Mganga mkuu wa hospitali hakumkaripia. Alimwambia tu, "Ulifanya kazi yako, Baridi," halafu jina lake likatoweka kwenye orodha ya watumishi wa kupandishwa cheo. Haikuelezwa kwa nini. Naye hakuuliza. Wapo watu wanaosifiwa chumbani na kuchekwa barabarani, na mwaka mzima ni mrefu mno kwa mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo safari hii aliapa hatachekwa tena. Hakumwambia mtu, lakini aliapa.

Huko Kule, mtunza damu alikuwa shemeji yake. Walijuana kazini, wakazoeana, mwisho yule bwana akamwoa mdogo wake Baridi. Wakati wa shindano walipigiana simu kila asubuhi, na utani wao ulikuwa hauna breki.

"Shemeji, mmeamkaje huko kijijini?" Baridi huanza.

"Kijijini ni kwenu, mnaoishi saa tisa daima. Mna ngapi leo?"

"Mia na tisini. Mwambie meya wako aanze mazoezi ya kiuno."

"Mwambie wako anunue suti ya bei rahisi."

Jumatano ya wiki ile ilipigwa simu kwenye chumba cha Baridi, sauti nzito, ya mtu aliyeshiba madaraka. Ikasema inatoka wizarani. Ikaagiza chupa sita zipelekwe Kule mara moja, kuna dharura, na jina la mtumishi atakayechelewesha liandikwe. Baridi alishika simu akiwa amesimama wima, "Ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa." Chupa tano zilikuwa tayari kwenye kasha la barafu ndipo aliposikia kicheko, kwanza cha mtu mmoja, kisha cha chumba kizima. Shemeji alikuwa ameweka simu kwenye spika, na maabara yote ya Kule ilikuwa imemzunguka.

"Haki ya Mungu nilikuapia ni dharura," shemeji alisema huku akikohoa kwa kucheka, "na ni dharura kweli. Dharura ya ushindi!"

Baridi alicheka pia. Ungefanya nini? Lakini alipozirudisha chupa zile kwenye friji alizihesabu upya mara mbili.

Ijumaa asubuhi Kule walikuwa na mia mbili kumi na tano. Baridi alikuwa na mia mbili na kumi na mbili. Wachangiaji walikuwa wamekauka. Kila mwenye mkono alikwisha kuutoa. Mpaka alasiri hakuongezeka hata mmoja. Baridi alisoma kipimajoto, akaandika, akakaa, akamwona meya wake akilini kwa mara nyingine, kiuno kimeinama.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia.

"Shemeji."

"Sema, wee mtu wa wizara."

"Nisikilize. Nataka chupa mbili za O hasi. Sasa hivi."

Baridi akaegemea kiti. "Mbili tu? Jumatano zilikuwa sita. Mmeanza kuona haya?"

"Achana na Jumatano. Nina mzazi hapa, kundi lake O hasi, hapokei lingine. Amejifungua saa nane, damu haikatiki. O hasi zangu zote nne nimekwisha kuzitoa. Nipe mbili, shemeji. Mbili."

"Gari lenu la wagonjwa liko wapi?"

"Limepeleka mtu hospitali ya rufaa, halijarudi. Mpe bodaboda alete, nitamlipa mimi huku."

"Bodaboda! Yaani nitoe damu siku ya mwisho, nimkabidhi bodaboda, kwa kuwa shemeji yangu kanipigia simu. Mwaka huu mmekuja na mtindo mpya."

"Haki ya Mungu sitanii."

"Hata juzi uliapa hivyohivyo."

Kisha, nyuma ya shemeji, mahali fulani kwenye korido ya Kule, mtu akacheka. Huenda alikuwa mhudumu anayepita zake, huenda ni mtu aliyepata habari njema kuhusu mgonjwa wake. Kicheko kifupi tu.

"Unawasikia wenzio?" Baridi akasema. "Wameshindwa kujizuia. Safari hii weka spika mbali."

"Baridi." Katika miaka yote ya undugu wao hakuwahi kumwita hivyo, siku zote ilikuwa shemeji. "Baridi, usinifanyie hivi."

Simu ikakatika. Au ilikatwa.

Alibaki ameishika. Kisha kichwa chake, bila kuombwa, kikafanya hesabu. Kule walikuwa na mia mbili kumi na tano. Kama kweli wametoa nne, wamebaki na mia mbili kumi na moja. Mji wake ulikuwa mbele kwa chupa moja! Kama ni kweli. Na kama ni kweli, basi kuna mwanamke anayevuja damu. Na kama ni uongo, mwanamke hayupo, ila Kule bado wako mbele kwa tatu. Akajikuta hajui anaombea lipi, na alipojikuta hivyo akasimama haraka, kama mtu aliyekalia siafu.

Alipiga namba ya wodi ya wazazi ya Kule. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita. Mtu asiyetaka kuamini hupata ushahidi kila mahali: wodi yenye dharura, alijiambia, inakosaje mtu wa kupokea simu? Hakujiuliza mikono yote ya wodi ile ilikuwa imeshika nini wakati ule.

Hata hivyo alifungua friji. Rafu ya juu kulikuwa na O hasi tano. Akatoa mbili, akazilaza kwenye kasha la barafu, akafunga kifuniko, akatoka nalo hadi kwenye korido. Mlango wa nje ulikuwa hatua kumi na tano tu. Waendesha bodaboda walikuwa palepale getini, wamekaa juu ya pikipiki zao wakila karanga.

Dobi wa hospitali alikuwa anapita na toroli la mashuka. Akalitazama kasha, akamtazama Baridi, uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Haa! Mgawa Kombe! Kasha hilo linakwenda wapi? Au nikimbie nikamnunulie meya ufagio mpya?"

Manesi wawili dirishani wakacheka. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta, ambaye huenda hata hakujua kinachochekwa, akacheka pia.

"Nalipeleka kuoshwa," Baridi akasema.

"Lioshe ukiwa ndani, kaka. Huko nje kuna upepo, ushindi utapeperuka."

Akageuka. Hatua kumi na tano zile hazikutembewa. Alizirudisha chupa kwenye rafu, sura zikitazama mlangoni, akafunga friji kwa ufunguo, akatia ufunguo mfukoni. Na hapa ndipo mtu angependa kumpiga dobi yule makofi. Lakini dobi alifanya kosa gani? Alitania. Kinyozi naye alitania, wauza nyanya walitania, shemeji alitania, mji mzima ulikuwa unatania tu. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuua. Ndivyo miji yetu inavyofanya mambo yake: kila mtu anaweka jiwe dogo, na ukuta ukimwangukia mtu tunaulizana fundi alikuwa nani.

Nyumbani alikula nusu sahani. Mkewe alimtazama akisukuma sahani mbele, akiivuta, akiisukuma tena.

"Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, kuanzia Jumatano na ile sauti ya wizarani, na alipofika kwenye kicheko cha korido aliinua kidole, kama wakili.

"Na kama ni kweli?" mkewe akauliza.

"Angepiga tena."

"Mtu mwenye mgonjwa mikononi anapiga simu mara ngapi, mume wangu?"

Mkewe akaondoa vyombo. Kutoka jikoni akasema, bila ukali, "Mimi sokoni nimekwisha kuzoea. Ungejua tu kwamba nimekwisha kuzoea."

Alimpigia shemeji. Haipatikani. Akampigia mdogo wake, akaambiwa bwana hajarudi kutoka kazini tangu asubuhi, simu yake lazima imekwisha chaji, kuna nini kaka? Hakuna kitu, alisema, salimia watoto.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa mbele ya friji. Alitoa chupa mbili zilezile. Kwenye daftari, mahali pa sababu, aliandika "mzazi". Mahali pa saa alishika kalamu kwa muda, kisha akapaacha wazi. Akamwamsha kijana wa bodaboda aliyekuwa amesinzia juu ya tangi, akapanda nyuma, kasha kalipakata. Kilomita ishirini na nane wakazimaliza kwa dakika thelathini na tano. Hilo alilipima kwa saa yake, na hangelisahau: dakika thelathini na tano.

Jua lilikuwa linachomoza alipoingia uwanja wa hospitali ya Kule. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya maabara, koti jeupe limekunjwa magotini. Hakuinuka. Alilitazama kasha, kisha akatazama ardhi.

"Zipo ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Mbili," shemeji akasema. "Ndiyo. Nilisema mbili." Akapangusa uso kwa kiganja. "Alikata roho jana usiku, saa moja na nusu. Mtoto yu hai, wa kike. Mama yake aliniuliza saa ngapi damu inafika, nikamwambia iko njiani."

Lugha nzima ambayo Baridi aliitumia na mtu huyu kwa miaka yote ilikuwa ya utani. Hawakuwa na nyingine. Alikaa ngazi ya chini yake, kasha mapajani.

"Mumewe yuko wapi?"

"Anafyatua matofali ya saruji. Saa kumi na mbili jana tulimwambia akatafute watu wa kuchangia. Akatoka mbio. Tangu hapo hatujampata, simu yake imezimwa."

Ndipo geti likafunguliwa, likaingia kundi la wanaume kumi na wawili. Walikuwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, mikono ya mashati imekunjwa juu ya viwiko. Aliyetangulia alikuwa kijana mwembamba, kama wa miaka ishirini na saba, amevaa ndala mbili zisizofanana. Hakwenda wodini. Alikwenda moja kwa moja kwenye hema la wachangiaji, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu ameweza.

"Nimewaleta!" alimwambia nesi mgeni wa zamu ya asubuhi. "Wote wamelala kwangu ili tusichelewe. Anza na mimi. Chukua hata mbili."

Karani wa halmashauri ya Kule, mwenye kipaza sauti na katoni la kofia, alipowaona karibu arukeruke. "Kumi na wawili kwa mpigo! Wananchi, mnaona? Kumi na wawili! Leo wa Kule watatutambua!" Akamvika kijana yule kofia ya shindano kichwani, ikammwagia vumbi usoni, wenzake wakampigia makofi. Kijana akalala kitandani, akanyoosha mkono, akageuza shingo upande mwingine asiione sindano.

Shemeji alisimama. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja mpaka cha shingoni, akashuka ngazi. Baridi alibaki amekaa. Alimwona akivuka uwanja, akiingia hemani, akipiga goti kando ya kitanda na kuweka mdomo karibu na sikio la yule mfyatua matofali.

Kijana hakuinuka. Alibaki akitazama paa la hema, kofia imemteleza hadi kwenye jicho, na mkono wake ukaendelea kuuminya na kuuachia mpira mdogo kama alivyoagizwa na nesi. Mfuko kwenye mzani ulikuwa unajaa taratibu. Nyuma yake karani, ambaye hakuwa amesikia kitu, alikuwa anafuta namba ya chupa za jana ubaoni kwa kiganja, ili aandike mpya.